Kuvu kwenye maganda ya matunda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaochachusha nyumbani

Kila msimu wa mananasi huniletea maswali yaleyale, mengi yakiambatana na picha ya ndoo na neno moja: "Nimwage?" Nimeyakusanya hapa. Mimi huchachusha maganda ili nipate siki, na maganda yangu hutoka kwa wauza juisi wa jirani na soko la Mabibo, Dar es Salaam, kwa hiyo mifano mingi ni ya nanasi. Machungwa, maembe, ndizi na matufaha nitayagusa pale yanapokuwa na tabia zake.

Kuvu, fangasi, ukungu, hamira, chachu: ni kitu kimoja?

Kuvu na fangasi ni majina mawili ya ukoo mmoja mkubwa, ukoo ambao si mimea wala si wanyama. Kwenye ndoo ya maganda utakutana na matawi yake mawili. Hamira ni kuvu ya chembe mojamoja, ndogo mno. Jicho huona tu tope lake likishatuama chini ya chupa. Huzaliana kwa kuchipua: chembe mama hutoa kichipukizi ubavuni, kikakua, kikajitenga. Ukungu ni kuvu ya nyuzi. Hutambaa juu ya kitu kama pamba iliyochambuliwa, kisha hutoa unga wa rangi, kijani, buluu, mweusi au kijivu, na unga huo ndio mbegu zake zinazopeperuka.

Chachu ni jina la kazi kuliko jina la kiumbe. Togwa la jana ukilitia kwenye togwa la leo ni chachu, na ndani yake kuna hamira na bakteria pamoja. Bakteria si kuvu. Nalisema hili mapema kwa sababu siki yenyewe, ule ukali wa mwisho, ni kazi ya bakteria. Hamira huwaandalia chakula.

Sikutia hamira yoyote. Povu limetoka wapi?

Hamira ilikuja na ganda. Nanasi limekaa shambani miezi, limepigwa na upepo, mvua na vumbi, limetambaliwa na wadudu, na kila jicho la ganda lake ni kishimo chenye unyevu. Inayotamba kwenye ngozi ya matunda mengi ni Hanseniaspora uvarum. Chini ya hadubini chembe zake zimechongoka ncha zote mbili kama ndimu. Ndiyo inayoamka kwanza, ila haistahimili pombe: ikifika asilimia 4 au 5 hivi hudhoofika, na Saccharomyces cerevisiae hushika nafasi yake. Hii ya pili ndiyo hamira ya mkate, na ndiyo ya bia na divai.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: kwenye tunda zima lisilo na jeraha, Saccharomyces ni adimu sana. Nyigu na nzi wadogo wa matunda huibeba, na huingia palipopasuka. Kwenye meza ya muuza juisi imejaa tele, kisuni, kwenye ubao na ndani ya ndoo. Ndiyo sababu maganda ninayochukua kwake huanza kuchacha siku moja kabla ya nanasi ninalolimenya jikoni kwangu.

Tumia chupa ya glasi mara moja uone. Siku ya kwanza maji ni ya manjano na yametulia. Siku ya pili asubuhi sogeza sikio, utasikia mchakacho mdogo kama wa soda iliyofunguliwa. Viputo vinapanda kimoja kimoja, na ukitulia utaona vinatoka kwenye jicho lilelile la ganda, kana kwamba kuna mtu ndani anahesabu. Siku ya tatu vipande vyote vimeinuliwa na gesi, povu la rangi ya chai ya maziwa limekaa juu, na harufu ni ya nanasi lililoiva mno pamoja na ya mkate unaoumuka.

Ni nini kinachoamua kama nitapata siki au uozo?

Hewa. Ningeambiwa nijibu swali moja tu katika yote haya, ningechagua hili.

Ukungu hauoti pasipo hewa. Hamira inaweza kuishi bila hewa, kwa kugeuza sukari kuwa pombe na kaboni dioksaidi. Kwa hiyo ganda lililozama ni mali ya hamira, na ganda linalochungulia juu ya maji ni mali ya ukungu. Nimeona mara nyingi ndani ya ndoo moja: kipande kimeinua ncha nusu inchi tu juu ya maji, na siku ya nne ncha hiyo ina manyoya ya kijani, kipande cha pembeni yake, kimezama, ni kisafi kama kilivyoingia. Kwa hiyo kandamiza. Sahani ndogo inayoingia mdomoni mwa ndoo inatosha, au mfuko safi uliojazwa maji. Na koroga asubuhi na jioni, maana kinachozamishwa kila siku hakipati muda wa kuota.

Hamira ikishamaliza sukari, mambo yanageuka. Bakteria wa siki, Acetobacter na jamaa zake, wanataka hewa, kwa kuwa hutumia oksijeni kugeuza pombe kuwa asidi ya siki. Hatua ya kwanza, basi, maganda yamo na yamezama. Hatua ya pili, maganda yametolewa, maji yamechujwa, chombo kina mdomo mpana na kimefunikwa kitambaa. Picha nyingi za kusikitisha ninazotumiwa ni za mtu aliyechanganya hatua hizi: amefunika kitambaa tangu siku ya kwanza na kuyaacha maganda yakielea mwezi mzima. Ameupa ukungu kitanda na hewa kwa pamoja.

Vipimo vyako ni vipi?

Maganda na moyo wa nanasi moja kubwa, kama nusu kilo. Maji lita 1.5 yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya bomba yenye dawa nyingi huichelewesha hamira. Sukari gramu 150, yaani gramu 100 kwa kila lita. Sukari guru huleta ladha nzuri zaidi, na hamira huipenda. Wamexico wana kinywaji chao cha maganda ya nanasi, tepache, na wao pia hutumia sukari ya miwa isiyosafishwa. Ila wao hukinywa baada ya siku mbili tatu, kikiwa kitamu na chenye gesi, hawakisubiri kiwe siki.

Hesabu ya sukari ina maana. Gramu moja ya sukari ya mezani haiwezi kutoa pombe inayozidi gramu 0.54. Gramu 100 kwa lita hukupa pombe ya asilimia 5 hadi 6 hivi, na pombe hiyo ikigeuka yote utapata siki ya asilimia 4 hadi 5, ukali unaokaribiana na wa siki nyingi za dukani. Ukiweka sukari nusu ya hapo, siki itakuwa chapwa na haitakaa. Ukiweka maradufu, hamira watamudu, lakini bakteria wa siki husuasua pombe inapozidi asilimia 10.

Hapa pwani huchuja siku ya 5 hadi ya 7, kisha naiacha wiki 3 hadi 6. Wakati wa kipupwe huongeza siku chache. Walioko Njombe, Mbeya au Limuru waongeze subira zaidi. Baridi haiui hamira, inaipunguzia kasi tu, na kasi ikipungua ukungu hupata nafasi ya kuwahi. Huko juu kukoroga ni lazima.

Kuna utando mweupe juu. Nimwage?

Inategemea ni utando gani, na hapa ndipo watu humwaga kizuri na kunywa kibaya. Washa tochi ya simu uielekeze kutoka ubavuni, si kutoka juu, kisha tazama kwa utulivu.

Ukiona utando bapa usiong'aa, mweupe au wa rangi ya krimu, wenye mikunjo kama ngozi inayoganda juu ya maziwa yaliyochemka, hiyo ni hamira ya juu ya maji: Pichia, Candida na wenzao. Hauna nywele. Hautakudhuru, lakini usiuache, kwa sababu hula pombe na asidi, na kadiri ukali unavyoshuka ndivyo ukungu unavyofunguliwa mlango. Uopoe kwa kijiko, futa kingo za chombo, koroga, kandamiza maganda. Ukirudi mara tatu, chuja mapema uendelee na hatua ya pili.

Ukiona kitu kinene, laini, kinachoteleza, kama nyama ya dafu changa, na maji tayari yananukia siki, huyo ni mama wa siki. Si kuvu kabisa. Ni bakteria waliojifumia blanketi la selulosi. Mwache. Akizama chini, mwingine atajifuma juu.

Ukiona visiwa vya mviringo vyenye manyoya, na mwanga wa tochi unaonyesha kivuli cha nywele, huo ni ukungu, hata kama bado ni mweupe. Rangi huja baadaye. Mwaga.

Kwa nini nisikwangue tu sehemu yenye ukungu?

Kwa sababu unachokiona ni sehemu ya juu. Nyuzi zimeshashuka ndani ya ganda, na sumu zinazotolewa na baadhi ya kuvu huyeyuka majini na kusambaa bila rangi wala harufu. Ukungu wa buluu unaoozesha matufaha, Penicillium expansum, hutoa sumu iitwayo patulini, na kanuni za kimataifa za vyakula za Codex zimeweka ukomo wa mikrogramu 50 kwa kila kilo ya juisi ya tufaha. Hamira inapochachusha huvunja sehemu kubwa ya patulini, ni kweli, lakini jikoni huna kipimo cha kujua imebaki kiasi gani. Kuchemsha nako hakuimalizi.

Tunaijua sumukuvu kwa uchungu katika sehemu hizi za dunia. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa aflatoksini iliyokuwa kwenye mahindi, kazi ya kuvu Aspergillus flavus. Yale yalikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, si maganda ya nanasi. Naukumbusha msiba huo kwa wale wanaosema ukungu ni ukungu, bibi zetu walikuwa wanapangusa na kula. Maganda ya nanasi moja hayana thamani ya kubahatisha.

Nanasi langu limeanza kuoza upande mmoja. Ganda la upande mzuri linafaa?

Nanasi lililobonyea na kulainika, nakata na kutupa kwa ukarimu, vidole vitatu kuvuka mwisho wa sehemu laini. Likiwa limeoza hadi kwenye moyo, lote nje. Tufaha lenye doa la kahawia lililolegea situmii hata kipande, kwa sababu ya ile patulini. Kuchachusha hakusafishi tunda bovu. Inashangaza jinsi watu wengi wanavyoamini kinyume chake.

Maganda ya machungwa hayachachi. Nakosea wapi?

Hukosei. Ganda la chungwa linajilinda. Utotoni tulikuwa tukikamua ganda la chungwa karibu na moto wa kibatari, likarusha cheche. Yale ni mafuta, na sehemu yake kubwa ni limonene. Limonene kidogo sana, hata chini ya asilimia moja ya maji yako, inatosha kuizuia hamira. Viwanda vinavyotaka kutengeneza pombe kutokana na maganda ya machungwa hulazimika kuyaondoa mafuta hayo kwanza.

Tazama muuza machungwa wa mtaani anavyomenya: kisu kinazunguka chembamba, ganda linashuka kama utepe, na sehemu nyeupe inabaki kwenye tunda. Utepe ule ndio uliobeba karibu mafuta yote. Ukiuchukua ulivyo na kuujaza kwenye ndoo, umeijaza ndoo dawa ya kuzuia hamira.

Tiba ni mbili. Chemsha maganda bila mfuniko dakika 15 hadi 20 ili mafuta yapae na mvuke, acha yapoe, kisha tia hamira ya dukani kwa kuwa ile ya asili umeshaiua. Au changanya, machungwa yasizidi robo ya maganda yote. Mimi hupendelea njia ya pili; siki ya nanasi yenye harufu ya mbali ya chungwa kwenye kachumbari ni kitu kizuri sana.

Ule ukungu wa kijani wa zeituni wenye ukingo mpana mweupe unaoonekana kwenye machungwa ya Muheza yaliyokaa gunia ni Penicillium digitatum. Wa buluu ni ndugu yake, Penicillium italicum. Wote huingia kupitia mkwaruzo, na chungwa moja hueneza unga kwa gunia zima. Lililoota lisiingie ndoo.

Na maembe, ndizi, matufaha?

Madoa meusi ya ngozi ya embe ni kuvu pia, Colletotrichum gloeosporioides. Yakiwa makavu na ganda bado gumu, naosha na kutumia. Yakiwa yamelainika, natupa. Osha utomvu wa kikonyo kwanza, huwasha mikono.

Ganda la ndizi mbivu huchacha, ila lina tanini nyingi, na siki yake hukausha ulimi na kuwa nyeusi. Sioni faida yake. Hata Wachaga na mbege yao hutumia ndizi yenyewe pamoja na ulezi, na maganda huenda kwa ng'ombe.

Matufaha mengi ya mjini hutoka Afrika Kusini yakiwa yamepakwa nta. Yasugue kwa maji ya vuguvugu kabla ya kumenya.

Nitumie hamira ya mkate?

Unaweza, na mtu anayeanza namshauri hivyo. Robo kijiko cha chai kwa lita 2. Ni kuvu ileile iliyotajwa juu, ila imefugwa, na kwa sababu inaingia ikiwa jeshi kubwa, inashika sukari kabla ukungu haujajikunyua. Utapoteza harufu kidogo. Ile hamira yenye umbo la ndimu inayoanza kwenye uchachushaji wa asili hutengeneza manukato ambayo ya mkate haina.

Ndoo yangu inanukia dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nyingine inanukia yai viza.

Harufu ya dawa ya kucha ni asetati ya ethili. Hutengenezwa na hamira za porini kama Hanseniaspora na Wickerhamomyces anomalus zikipata hewa nyingi mwanzoni. Kidogo ni sawa, na hupungua. Ikiwa kali hadi inachoma pua, siki itabaki nayo, na mimi singeipeleka mezani. Ndoo inayofuata tia hamira ya dukani na ujaze chombo karibu na mdomo.

Yai viza ni gesi ya salfa inayotolewa na Saccharomyces iliyonyimwa naitrojeni. Ganda la nanasi lina sukari kuliko lishe nyingine. Koroga kwa nguvu ipate hewa. Ikiendelea, chemsha nusu kijiko cha hamira kwenye maji kidogo, ipoe, uimimine: hamira iliyokufa ni chakula cha iliyo hai.

Harufu ya mzoga au matapishi haina maelezo. Mwaga nje ya nyumba.

Si hii ni pombe? Siki yake ni halali?

Katikati ya safari ni pombe, ndiyo, na sipendi kumficha mtu hilo. Siki imesifiwa katika hadithi za Mtume kuwa kitoweo kizuri, na wanazuoni wameafikiana kwamba pombe iliyogeuka siki yenyewe ni halali. Walipohitilafiana ni pale mtu anapoigeuza kwa makusudi kwa kutia kitu ndani. Madhehebu ya Hanafi huruhusu, na Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, hukaza zaidi. Muulize sheikh wako ukimweleza hatua zote kama zilivyo hapa, pamoja na kama unatia mama wa siki au la.

Nimesikia maganda hutoa methanoli inayopofusha. Kweli?

Maganda yana pektini nyingi, kile kinachogandisha jemu, na vimeng'enya vya tunda lenyewe na vya baadhi ya kuvu hukata pektini na kuachia methanoli. Kwenye maji ya maganda yaliyochacha bila kupikwa kiasi chake ni kidogo, kama kilivyo kidogo kwenye divai na juisi za kawaida. Vifo vya halaiki tunavyovisikia vya pombe haramu mara nyingi hutokana na methanoli ya viwandani iliyotiwa makusudi. Hata hivyo, kuyapika maji haya kuwa gongo au chang'aa ni jambo jingine kabisa: ni haramu kisheria isipokuwa kwa leseni, na anayepika kwenye pipa nyuma ya nyumba hajui kinachotangulia kudondoka. Ukurasa huu hauelezi njia hiyo.

Nifunge kifuniko kwa nguvu?

Usifunge. Mwaka wangu wa kwanza nilichuja siku ya tatu, nikaona povu limepungua, nikajaza chupa mbili za glasi za lita moja na kuzifunga barabara kabatini. Usiku wa pili moja ilipasuka. Tulikuta vigae vya glasi vimejichoma kwenye mlango wa kabati kwa ndani, na kimoja kilikuwa kimefika sakafuni upande wa pili wa jiko. Watoto walikuwa wamelala, nashukuru Mungu. Povu lilikuwa limepungua kwa sababu nilikoroga, sukari haikuwa imekwisha. Siku hizi hatua ya kwanza natumia ndoo ya plastiki ya chakula, mfuniko umelegea. Chupa iliyofungwa ni ya siki iliyokamilika peke yake.

Zaidi ya siki, kuvu za maganda zina faida gani?

Kubwa, na huenda umeshainywa leo. Asidi ya sitriki, ile inayoandikwa kwenye soda na juisi za boksi, zamani ilikamuliwa kutoka kwenye malimau, hasa ya Italia. Mwaka 1917 mkemia James Currie alionyesha kwamba kuvu Aspergillus niger ikilishwa sukari huitengeneza kwa wingi, na mwaka 1919 kampuni ya Pfizer ikaanza kuizalisha hivyo. Leo karibu asidi yote ya sitriki duniani ni ya kuvu hiyo. Unaifahamu kwa sura: ni ule unga mweusi ulio chini ya ngozi kavu ya kitunguu. Kuvu hiyohiyo hutumika kutengeneza vimeng'enya vya pektini vinavyofanya juisi iwe angavu. Msijaribu kuifuga nyumbani. Kiwandani wanachagua mbegu moja inayojulikana, wewe jikoni huwezi kujua mweusi huo ni upi.

Na ganda lililoota ukungu liliwahi kuokoa watu wengi. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928, lakini kuvu yake ilitoa dawa kidogo mno. Mwaka 1943 huko Peoria, Illinois, Marekani, watafiti waliokuwa wakikusanya ukungu wa kila aina walipata kwenye tikiti moja bovu la sokoni Penicillium iliyotoa penisilini nyingi kuliko zote, na uzalishaji mkubwa wa dawa hiyo ukajengwa juu ya kizazi chake. Huwa nalikumbuka tikiti hilo kila ninapobeba ganda la kijani kulipeleka jalalani.

Je, kile kisafishio cha 1:3:10 kinafanya kazi?

Sehemu moja ya sukari, tatu za maganda, kumi za maji, miezi 3. Kimetoka Thailand na kimeenea sana kwenye simu zetu. Ni uchachushaji uleule wa hamira na bakteria, na mwisho wake ni maji yenye asidi, kwa hiyo yanaondoa chumvi ya maji kwenye vigae na harufu ya sinki. Hayo yanatosha kuyapenda. Madai kwamba hutoa ozoni na kusafisha anga, au kwamba huponya magonjwa ya ngozi, hayana msingi. Na ukungu ukiota kwenye ndoo hiyo, usipulizie ndani ya nyumba.

Maganda yenye ukungu nimpe mbuzi au ng'ombe?

Hapana. Ng'ombe anayekula chakula chenye aflatoksini huitoa sehemu yake kwenye maziwa, na maziwa hayo hunywa mtoto. Maganda mabichi yaliyokandamizwa kwenye pipa bila hewa, yakachacha kwa ukali wa bakteria, ni chakula kizuri. Fungua pipa, toa ya siku hiyo, kandamiza tena.

Uyoga nao ni kuvu. Nioteshe kwenye maganda?

Peke yake, maganda yana maji na sukari nyingi mno. Ukungu wa kijani, Trichoderma, utawahi. Uyoga wa Pleurotus hustawi kwenye majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa na kuchemshwa.

Machicha na tope la chini nifanyie nini?

Maganda yaliyochujwa huenda mboji, yakifukiwa chini ya majani makavu ili nzi wasijae. Tope la rangi ya krimu linalotuama baada ya kuchuja ni hamira, mamilioni kwa mamilioni, na ni chachu bora ya ndoo inayofuata. Mimi huweka nusu kikombe kwenye chupa ndogo ya plastiki, mfuniko nusu, kwenye friji, na nalitumia ndani ya wiki mbili. Kabla ya kulimimina nanusa na kulitazama kwa tochi kutoka ubavuni, kama ule utando. Likinukia mkate, linaingia.